Askari wa 1982 hakuwa KDF: Jinsi ya kukagua sare kwenye tamthilia za vita

Hii lazima imewahi kukutokea. Uko zako nyumbani Kangemi au Kawangware, bando bado ipo, umefungua tamthilia ya vita ambayo mbogi nzima inaizungumzia. Askari anapigwa risasi kwenye bega la kushoto. Kamera inageuka, inarudi, na damu sasa iko bega la kulia. Dakika mbili baadaye shati ni safi, limepigwa pasi, kama la mwanafunzi asubuhi ya Jumatatu. Unapiga picha ya skrini, unaituma kwa kikundi cha WhatsApp, na usiku unaisha mkimchoma mwelekezi.

Kucheka ni sawa. Lakini yako makosa ya sare yasiyochekesha, na mengi hupita mbele ya macho yako bila wewe kushtuka. Katika jiji hili, mara nyingi sare ndiyo hueleza nani alifanya nini, lini, na kwa amri ya nani. Ukimvika mtu sare isiyo yake, unaweza kumbebesha damu ya mwingine. Kwa hivyo kabla ya kufungua kipindi kingine, jifunze kukagua.

Makosa ni ya aina mbili

Neno maleba unalijua kutoka darasa la fasihi: mavazi ya mwigizaji. Makosa ya maleba huja kwa njia mbili.

Ya kwanza ni ya mwendelezo. Tamthilia hairekodiwi kwa mpangilio unaouona. Maonyesho yote ya hospitalini yanaweza kurekodiwa Jumanne, halafu vita vilivyomfikisha askari hospitalini vikarekodiwa wiki tatu baadaye. Ndiyo maana kwenye seti huwa kuna mtu wa kulinda mwendelezo. Kazi yake ni kupiga picha na kuandika kila kitu: kifungo gani kilikuwa wazi, mkono wa shati umekunjwa mara ngapi, tope liko goti gani. Sare humtesa kuliko suti kwa sababu ina vitu vingi vidogo: bereti imelala upande gani, jina liko kifua kipi, mkanda, beji ya begani, alama za cheo. Akisahau kimoja tu, mtu anapanda lori akiwa koplo na kushuka akiwa sajini.

Hata wakubwa huteleza hapa. Vita vya Korea vilidumu miaka 3, kuanzia 1950 hadi 1953. M*A*S*H, tamthilia ya Marekani kuhusu madaktari wa jeshi kwenye vita hivyo, ilionyeshwa kwa miaka 11, kuanzia 1972 hadi 1983. Waigizaji waliota mvi wakipigana vita ambavyo kwa kalenda vilikuwa vimeisha kitambo. Daktari Hawkeye, mhusika mkuu, mwanzoni alikuwa na mama na dada nyumbani. Baadaye akageuka mtoto wa pekee aliyebaki na baba tu. Watazamaji walisamehe yote. Kipindi cha mwisho kilitazamwa na zaidi ya watu milioni 100 Marekani.

Aina ya pili ni ya usahihi. Hapa mwendelezo unaweza kuwa safi kabisa, kila kifungo mahali pake kuanzia mwanzo hadi mwisho, lakini sare yenyewe si ya mwaka ule, au si ya kikosi kile. Hii ndiyo hatari zaidi, kwa sababu inaonekana nadhifu. Mtu asiyeijua historia anaimeza yote.

Anza na mwaka

Kabla ya kuangalia rangi, jiulize: hadithi hii ni ya mwaka gani? Kisha pima kwa tarehe chache ambazo kila mtu wa Kanairo anaweza kuzikumbuka.

Kabla ya uhuru, askari Mwafrika wa jeshi la hapa alikuwa wa King's African Rifles, KAR. Uhuru ulipofika Desemba 12, 1963, vikosi hivyo vikawa Kenya Rifles. Jeshi la Wanahewa lilizaliwa Juni 1, 1964. Jina KDF unalolizoea leo lilikuja na Katiba ya 2010. Kwa hivyo tamthilia ya miaka ya 1980 au 1990 ikimwonyesha askari mwenye herufi KDF popote, kwenye gari au kifuani, jua hakuna aliyejisumbua kuuliza.

Polisi je? Ile sare ya buluu iliyokolea ilizinduliwa Septemba 2018, wakati wa Rais Uhuru Kenyatta. Ukitazama tamthilia ya ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 na polisi wote wamevaa buluu hiyo, umeona kosa la miaka 10.

Na kwa wanaopenda hadithi za Somalia, angalia beji. Wanajeshi wetu waliingia Somalia Oktoba 2011 kwa Operesheni Linda Nchi, chini ya bendera ya Kenya peke yake. Mwaka uliofuata wakaingizwa AMISOM, kikosi cha Muungano wa Afrika. Aprili 1, 2022 AMISOM ikawa ATMIS, na Januari 1, 2025 ATMIS ikawa AUSSOM. Mpaka ni uleule na jua ni lilelile, lakini jina la misheni limebadilika mara mbili. Mtu wa maleba asiyejua hilo atamvika askari wa 2023 beji ya kikosi ambacho hakipo tena.

Agosti Mosi, Harry Thuku Road

Sasa chukua siku moja uone uzito wake. Agosti 1, 1982, Jumapili asubuhi, wanajeshi wa Jeshi la Wanahewa walijaribu kuipindua serikali ya Rais Moi. Waliteka kituo cha redio cha Voice of Kenya, pale Harry Thuku Road, jirani ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Mtangazaji Leonard Mambo Mbotela alichukuliwa kwake Ngara na kulazimishwa kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Kabla ya siku kuisha, wanajeshi wa nchi kavu wakiongozwa na Meja Jenerali Mahmoud Mohamed walikuwa wamekikomboa kituo.

Ukiandika tamthilia ya siku hiyo, mitego ni mingi. Kipaza sauti hakiwezi kuwa na maandishi ya KBC, kwa maana jina hilo lilirudi 1989. Kiongozi wa waasi, Hezekiah Ochuka, hawezi kuwa na nyota mabegani, kwa sababu alikuwa askari wa ngazi za chini kabisa. Ukimvika kama kanali, umeua jambo la kushangaza kuliko yote kuhusu siku ile: kwamba kijana asiye na cheo alijitangaza mtawala wa nchi.

Lakini mtego mkubwa ni mwingine. Waasi walikuwa wanahewa. Waliowazima walikuwa wa nchi kavu. Mwelekezi mvivu akikodisha magwanda ya aina moja na kuwavika wote, mtazamaji hatajua nani alikuwa upande gani. Akiwabadilisha, amewapa waasi jina la waliowapiga. Na mavazi siku hiyo hayakuwa mchezo. Mambo yalipoharibika, kuna wanahewa waliovua sare na kutafuta nguo za kiraia ili wasijulikane. Baadaye jeshi lao lote lilivunjwa, likaundwa upya kwa jina la '82 Air Force, na halikurudishiwa jina lake hadi 1994. Hata jina la siku hiyo lilishonwa kwenye jeshi kwa miaka 12.

Tembea tao uone

Huhitaji maktaba ili kuanza kujizoesha. Siku ukiwa tao, pita Kenyatta Avenue utazame sanamu tatu za askari na mchukuzi wa mizigo wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Zimesimama hapo tangu 1928. Angalia wamevaa nini na wamebeba nini, na utaona tofauti kati ya aliyepewa bunduki na aliyebebeshwa mzigo. Kisha shuka Kimathi Street. Sanamu ya Dedan Kimathi ilizinduliwa Februari 18, 2007, miaka 50 kamili tangu anyongwe. Amevaa kivita, bunduki mkono wa kulia, kisu mkono wa kushoto.

Picha maarufu ya kukamatwa kwake inamwonyesha tofauti: amelala chini, amefungwa pingu, amevaa ngozi ya chui. Hiyo ilikuwa Oktoba 21, 1956, huko Nyeri. Aliyempiga risasi hakuwa mwanajeshi Mzungu. Alikuwa Mwafrika mwenzake, askari wa Polisi wa Kikabila. Tamthilia ikimweka mwanajeshi Mwingereza pale kwa sababu sare yake inapendeza kwenye kamera, inakuficha jambo chungu zaidi kuhusu vita hivyo: mara nyingi jirani alimwinda jirani.

Upande wa serikali ya kikoloni haukuwa na sare moja. Walikuwapo wanajeshi wa Uingereza walioletwa kwa ndege, KAR, Kenya Regiment ya walowezi, polisi, polisi wa akiba, na walinzi wa vijiji ambao mwanzoni wengine walitambuliwa kwa kitambaa tu mkononi. Aprili 24, 1954, katika Operesheni Anvil, Nairobi ilizingirwa na takribani watu 20,000 wakapelekwa kuchujwa katika kambi ya Lang'ata, upande huu huu wa magharibi ambako leo watu wananunua nyumba. Wakati wa kuchuja watu, msaliti alivikwa gunia kichwa kizima, likiwa na matundu mawili ya macho. Aliitwa gakunia. Hakuna vazi la bei rahisi zaidi ya hilo kwa mtu wa maleba, na hakuna lililoogopwa zaidi. Akitikisa kichwa, maisha yako yamebadilika.

Kisha kulikuwa na magenge bandia. Serikali iliwatumia wapiganaji waliogeuka, pamoja na maafisa Wazungu waliojipaka weusi usoni, wote wakivaa matambara kama ya Mau Mau na kuingia msituni. Hayo yalikuwa maleba halisi, na aliyekosea angekufa.

Jirani Amin na gari jeusi

Majirani zetu Uganda nao wana somo. Filamu ya 1981 kuhusu kuinuka na kuanguka kwa Idi Amin ilirekodiwa hapa Kenya, na Amin akaigizwa na Mkenya, Joseph Olita. Ukitaka kumvalisha Amin sawasawa, lazima ujue mwaka. Alipotwaa mamlaka Januari 1971 alikuwa Meja Jenerali. Kufikia 1975 alikuwa amejipandisha hadi Fildi Mashali, na kifua kimejaa nishani. Amin wa 1971 mwenye nishani za 1976 ni kosa linalokuficha jinsi mtu anavyolewa mamlaka polepole.

Na mwaka huo wa 1976, makomando wa Israeli walipovamia uwanja wa Entebbe usiku wa kuamkia Julai 4, walitumia maleba pia. Walivaa kama askari wa Uganda na kuja na Mercedes nyeusi kama ya Amin. Inasimuliwa kwamba walinzi walishtuka kwa sababu Amin alikuwa amehamia Mercedes nyeupe. Risasi zikaanza mapema kuliko ilivyopangwa. Wewe hucheka gari linapobadilika rangi kwenye filamu. Usiku ule lilikuwa suala la kufa na kupona.

Siku ambazo hakukuwa na sare

Rudi nyumbani, Westlands. Septemba 21, 2013, magaidi walivamia Westgate. Watu 67 waliuawa. Kumbuka zile picha za saa za kwanza: watu wenye bastola, wamevaa jinzi na mashati ya kawaida, wakiwatoa akina mama na watoto. Walikuwa polisi waliovaa kiraia na raia wenye leseni za bunduki. Baadaye, vikosi rasmi vilipoingia, iliripotiwa kwamba afisa wa kikosi cha Recce aliuawa kwa risasi za wanajeshi, upande wa kwao.

Januari 15, 2019, ikawa zamu ya DusitD2, Riverside. Watu 21 waliuawa. Mmoja wa waliokumbukwa zaidi ni mwanajeshi wa kikosi maalum cha Uingereza aliyeingia na suruali ya jinzi, barakoa usoni na fulana ya kuzuia risasi.

Sasa fikiria tamthilia ya Westgate ambayo kila mwokoaji ana magwanda mapya na helmeti. Itapendeza. Lakini itakuwa imewafuta raia walioingia kwanza, na itakuwa imefuta mchafuko uliomuua yule afisa. Wakati mwingine usahihi wa sare ni kukubali kwamba sare haikuwepo.

Mbona wanakosea?

Sababu ya kwanza ni pesa. Kushonesha sare za kikosi kizima kwa mwaka maalum ni ghali, na mtayarishaji mchanga hujaribiwa kuokota chochote chenye mabaka pale Toi Market. Hapo anakutana na sababu ya pili, sheria. Sheria ya KDF ya 2012 inamzuia raia kuvaa sare ya jeshi bila idhini, na ile ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 inalinda sare ya polisi. Ukionekana barabarani na kombati huku kamera imefichwa kwenye gari, usitarajie karao akuulize kwanza kama unaigiza. Kibali huandikwa mapema, na sare hubaki kwenye seti.

Usimkubali lakini yule anayesema filamu zote hukosea sare makusudi ili zisivunje sheria. Uingereza, sheria ya sare ya 1894 yenyewe iliruhusu michezo ya kuigiza. Marekani, Mahakama ya Juu ilimwondolea hatia mwigizaji mmoja mwaka 1970, aliyevaa sare ya jeshi katika igizo la kupinga vita vya Vietnam. Mara nyingi wanaokosea hawakuzuiwa. Hawakuuliza tu.

Sababu ya tatu ni umbali. Eye in the Sky, filamu ya 2015, inasimulia operesheni ndani ya Nairobi lakini ilirekodiwa Afrika Kusini. Inaonyesha wanamgambo wenye bunduki wakitamba mchana kweupe katika mtaa wa jiji hili, kana kwamba serikali imehama. Mtu wa London aliyeitazama anaamini ameona Eastleigh. Wewe unayepanda matatu kwenda huko kununua nguo unajua hakuona.

Wenyewe tukiamua tunaweza. Mission to Rescue ya 2021, iliyoelekezwa na Gilbert Lukalia, ni filamu ya Kenya kuhusu wanajeshi wa Kenya, na ndiyo iliyochaguliwa kuiwakilisha nchi kwenye mchujo wa tuzo za Oscar. Kwa hivyo usiambiwe hadithi za jeshi letu ni za wageni kusimulia.

Lipi usamehe, lipi usisamehe

Band of Brothers ya 2001 inasifiwa kwa kujali sare. Waigizaji walipelekwa kambini kufunzwa na mwanajeshi mstaafu, Dale Dye, kabla ya kamera kuwashwa. Buti, mikanda, helmeti, kila kitu kilitazamwa. Hata hivyo kipindi cha tatu kinamalizika na maandishi kwamba askari Albert Blithe hakupona majeraha yake na akafa 1948. Ukweli ni kwamba Blithe aliishi, akaendelea na jeshi, na akafariki 1967. Vifungo vilikuwa sahihi, na bado mtu alizikwa miaka 19 kabla ya siku yake.

Hapo ndipo kipimo kilipo. Damu ikihama bega, cheka usonge mbele. Mkono wa shati ukikunjuka wenyewe, samehe. Mtu wa mwendelezo pengine hakulala siku tatu. Lakini uliza kila mara: je, kosa hili linabadilisha nani alifanya, lini, au kwa amri ya nani? Likibadilisha, usinyamaze. Andika, tagi watayarishaji, waulize. Sisi ndio watazamaji wao.

Na usidhani haya ni mambo ya wazee. Juni 25, 2024, vijana wa rika lako waliandamana tao dhidi ya Mswada wa Fedha hadi wakaingia Bungeni. Siku hiyo hiyo serikali ilichapisha tangazo la kuliita jeshi lisaidie polisi. Barabarani palikuwa na polisi wa sare, GSU, wanajeshi, na wenye nguo za kiraia. Aprili 2025, BBC Africa Eye ilitoa makala ya Blood Parliament, baada ya kuchambua picha zaidi ya 5,000. Ilionyesha kwamba miongoni mwa waliofyatua risasi kwa waandamanaji pale Bungeni walikuwapo afisa wa polisi aliyevaa kiraia na mwanajeshi. Kazi hiyo ilihitaji kumfuata kila mtu kwa kofia yake, koti lake na barakoa yake, kutoka picha moja hadi nyingine. Ni mwendelezo uleule wa seti, ila safari hii ulitafuta ukweli kwa niaba ya familia zilizozika watoto.

Siku moja mtu ataandika tamthilia ya siku hiyo. Huenda ukawa wewe, na simu yako, na marafiki watano kutoka Dagoretti. Utafika mahali pa kuamua yule aliyeinua bunduki amevaa nini. Usichague kinachopatikana rahisi, wala kinachopendeza. Tafuta picha, tazama tarehe, waulize waliokuwepo, kisha mvike alichovaa.